Kabla hujaweka sahihi, soma hii

Babangu,

Nimeanza hii meseji mara tatu nikifuta, sasa wacha niandike tu vile inakuja, hata ikiwa ndefu usome yote usiruke. Mjomba wako hapo Kisumu ameniambia uko na pasipoti tayari na kuna jamaa Nairobi anakupeleka Urusi kazi ya kulinda stoo, tikiti analipa yeye, viza analipa yeye, hata pa kulala mkingoja ndege analipa yeye. Hapo ndipo nilikosa usingizi. Mimi nimeuza sukuma hapa Nakuru tangu kabla uzaliwe na sijawahi kuona mtu akimlipia asiyemjua hata nauli ya Kaptembwo hadi tauni bila kutaka kitu, sasa huyu anakulipia ndege, anataka nini kwako? Shamba huna, gari huna. Kitu uko nacho ni mwili wa miaka 22, na huko Urusi kuna vita na Ukraine.

Sikugombezi. Najua umekaa na hicho cheti cha umeme miaka miwili ukiitwa kazi ya siku moja moja, na ile siku ya kuandikisha askari ulikimbia vizuri halafu ukarudishwa dakika ya mwisho, ukaja nyumbani ukalala bila kula. Nilikuona. Kijana akikaa hivyo, yeyote anayekuja kumwambia "wewe tunakuhitaji" anaonekana malaika.

Jina ulilo nalo ni la babu yangu wa Maragoli, hilo unajua, lakini sijawahi kukukalisha nikakueleza yote. Alichukuliwa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, mwaka wa 1942. Kusoma hakujua, alichovya kidole gumba kwa wino akakibandika kwa karatasi, basi, akawa askari wa Mfalme wa Uingereza ambaye hakuwahi kumwona hata kwa picha. Mwaka wa 1944 akajipata Bama huko Asia, siku hizi inaitwa Myanmar, kwa bonde linaitwa Kabaw, na ile divisheni ya Afrika Mashariki, wanasukuma Wajapani kwa mvua ambayo alikuwa akiisimulia hata akiwa mzee sana, matope mpaka magotini, gari haziendi, mtu analala amelowa anaamka amelowa. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu nikamuuliza, babu, Mjapani alikuwa amekukosea nini? Alikuwa anamenya muhogo, akaweka kisu chini akaniambia, "Mjapani sikumjua. Nilikuwa nadaiwa ng'ombe wawili."

Ng'ombe wa mahari, babangu. Pamoja na kodi ya nyumba ambayo ilikuwa inamfuata kila mwaka. Ndio sababu yake yote ya kwenda kupigana mwisho wa dunia. Na akarudi na nini, koti zito la jeshi, na Wazungu waliotoka vita hiyo hiyo serikali ya mkoloni ikawasaidia kupata mashamba huku kwetu Rift Valley, yeye akarudi kwa kile kipande cha babake. Koti liliisha kitambo lakini kifungo kimoja cha shaba niko nacho, kiko kwa mkebe wa sindano, wewe mwenyewe ulikuwa ukikichezea ukiwa mdogo.

Sasa kwa simu uliniambia hiyo vita ya Ukraine inaisha, wakubwa wanaongea, na watu wenye akili hawawezi kuacha mambo yaharibike tu hivi hivi. Nisikilize hapo. Mwaka wa 1914 tarehe 28 Juni kijana wa miaka 19 alimpiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria huko Sarajevo, na kwa mwezi mzima karibu watu waliendelea na shughuli zao, wakubwa wakiandikiana barua. Halafu Austria ikataka kuadhibu Serbia, Urusi ikasimama na Serbia, Ujerumani ilikuwa imeahidi kusimama na Austria, Ufaransa ilikuwa na mkataba na Urusi, Wajerumani wakapitia Ubelgiji ndio wafikie Ufaransa, na 4 Agosti Uingereza ikaingia. Siku 37 tu. Kila mmoja alijiambia mwingine ataogopa arudi nyuma, na jeshi likishaanza kupakiwa kwa treni hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimamisha. Vijana huko Ulaya walipanga foleni kuandikishwa, wengi wakiamini itaisha kabla ya Krismasi. Iliendelea miaka minne.

Na usifikirie hiyo ni ya Ulaya. Septemba mwaka huo huo Wajerumani waliotawala Tanganyika walikuwa wameingia Kisii, watu wanapigana hapo mjini, na ni nani Kisii alikuwa amesikia Sarajevo? Baadaye Waingereza wakaja kutoa wanaume vijijini kubeba mizigo ya jeshi, wengi wao huko kwetu magharibi na Nyanza, wale wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, na waliotoka Kenya wakafa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa wala si risasi. Hawakuandikwa hata makaburi. Hiyo huniuma kuliko yote.

Hii ingine nimeiona na macho yangu. Ulikuwa na miaka minne. Disemba 2007 tulipiga kura tukiwa majirani, Januari tukaanza kusikia maneno, nani arudi kwao, nani ameonekana na watu usiku, meseji zinatumwa kwa simu hakuna anayejua zimetoka wapi, na kila upande unasema sisi tunajikinga tu. Wiki ya mwisho ya Januari Nakuru ikawaka. Nilikufunga mgongoni na leso nikatoka Kaptembwo, na hapo mbele kulikuwa na mawe barabarani na vijana wana panga, mmoja wao alikuwa yule wa kuosha magari, nilikuwa nampea chai na ndazi kwa deni. Alinitazama, akainamisha macho, akasema "mama pita haraka." Alikuwa na viatu vipya, nakumbuka hivyo viatu mpaka leo, vyeupe. Tulilala Showground wiki mbili. Yeye alikatwa siku iliyofuata, akafa. Waliomnunulia viatu sijui ni akina nani, lakini hawakuwa hapo barabarani.

Ndio maana nikisikia mtu anakulipia tikiti naona vile viatu.

Na si mimi tu naogopa. Septemba 2025 polisi walipata vijana zaidi ya 20 kwa nyumba Athi River wakingoja kupelekwa Urusi, na Novemba wizara ya mambo ya nje ikasema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameshaingia kwa jeshi la Urusi. Waliorudi wanasema waliahidiwa udereva, ulinzi, usafi, wakafika wakawekewa karatasi ya Kirusi waweke sahihi, halafu mafunzo ya siku chache na bunduki. Babu alibandika kidole kwa karatasi asiyoweza kusoma kwa sababu hakuwa ameenda shule. Wewe umesoma.

Ukitaka kujaribu jeshi la hapa tena mwaka ujao sitakuzuia, nitakuja uwanjani na chupa ya uji nikae huko nje na wamama wengine, hata kama moyo wangu utakuwa unaruka, kwa sababu najua waliorudi na ambao hawakurudi kutoka El Adde, ile kambi ya jeshi letu huko Somalia iliyovamiwa na al-Shabaab. Angalau hapo najua ni nani amekuchukua na nikulilie kwa mlango gani.

Lakini huyu jamaa, kesho usiende. Nimekutumia 700 ya matatu, panda asubuhi uje. Hiyo karatasi aliyokupa usiirudishe, kuja nayo. Kuna mzee hapa sokoni mtoto wake anakarabati mota za posho mill huko Njoro na anatafuta mtu wa kumsaidia, pesa ni kidogo, nimeshamwambia utapita Jumatatu.

Mamako