Mamangu, kabla hujawafundisha ya Isaka

Mamangu mpendwa,

Tangu uniambie umepewa watoto wa Sande skuli, wale wa miaka mitano mpaka tisa, nimefurahi sana, na usingizi nao umekataa. Nimefurahi maana mdomo wa hadithi unao, babako ashawaambia kwaya nzima. Lakini uliposema mwezi huu ni utii na unaanza na Abrahamu na Isaka, moyo ulinidunda.

Wewe uko Nakuru, sisi tuko hapa Malindi. Shakahola ni kaunti yetu hii hii. Ile 2023 tulikuwa tunaamka tunauliza leo wamefukua maiti wangapi kule msituni, ikapita 400, na ndani yake watoto. Wale watoto hawakuwa wakaidi mama. Waliambiwa wasile wakaacha kula, kwa sababu mzazi kasema, na mzazi kaambiwa na mhubiri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumewaimbia hivyo miaka yote, na wale walilisikia la mkuu.

Sisemi usifundishe utii. Mtoto akiitwa aitike, akitumwa aende. Ila ya Isaka usiikatie kwenye kisu na kuni, na najua wewe kitabu cha mwalimu unakifungua ukiwa njiani jumapili asubuhi, acha hiyo tabia. Fika Mwanzo 22 mstari wa 12, pale sauti inasema usimnyoshee kijana mkono wako. Mtoto wa miaka mitano akirudi nyumbani bila huo mstari, usiku atakuwa anamwangalia babake.

Mimi ningeanza na Samweli. Alimkimbilia Eli mara tatu usiku mmoja na mzee hakumfokea, alimwambia karudi ulale. Halafu asubuhi, hapo ndo watu huparuka, Samweli anaogopa kusema alichoambiwa maana ni habari mbaya juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, na Eli anamwambia usinifiche. Mtoto anamweleza kuhani makosa yake mpaka mwisho na hapigwi. Wafundishe hiyo mama, kwamba mkubwa mzuri ni yule anasema usinifiche. Na wale wakunga, Shifra na Pua, Farao aliwaamuru waue watoto wa kiume wakakataa, na Mungu akawatendea mema. Kwenye somo la utii waweke na hao.

Waefeso 6 mstari wa kwanza niliwakaririsha nyote, enyi watoto watiini wazazi wenu. Wa nne, ule wa akina baba msiwachokoze watoto wenu, sikuwakaririsha. Nilikuwa nauruka tu.

Ile siku ulikataa kumpelekea chapati yule mzee wa kanisa ukalia mlangoni, nikakuchapa na mwiko na huo mstari wa kwanza nikausoma kabisa. Sikukuuliza kwa nini hutaki. Ukitaka kuniambia niambie, usipotaka pia sawa, lakini hao watoto wako mmoja akisema hataki kwenda kwa fulani, wewe muulize. Achana na somo muulize kwanza, tena mkiwa wawili, si mbele ya wenzake.

Babako dawa ya presha imebaki ya siku nne na anajifanya hajui. Tanki limepasuka chini, fundi kaja kaangalia kaondoka, sasa tunachota kwa jirani na mdomo wa jirani unaujua. Mbuzi mkubwa kazaa wawili, mmoja ni dhaifu namnyonyesha kwa chupa. Ndugu yako bado hapokei simu yangu, jaribu wewe, wewe anakusikiza. Na lile sanduku lako la nguo panya wameliona, niambie zipi nigawe.

Halafu jumamosi nipigie kabla hujalala, hata kama ni saa nne usiku, uniambie umechagua hadithi ipi.

Mamako