Mkweli ni kompyuta ya mwenzako

Tanga,
Jumapili, baada ya isha.

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mama anakuulizia kila siku, na embe dodo zimeanza kuiva. Ukichelewa shauri yako.

Nimezisoma skripti zako za kujaribia ile programu ya kuoanisha mafolda. Unasema kwenye Mac yako majaribio yote yanapita, kwenye Ubuntu ya mwenzako wa kazini matatu yanaanguka, na unataka nikuamulie. Basi mkweli ni kompyuta ya mwenzako.

Juu umeandika #!/bin/sh, yaani skripti iendeshwe na sh, sheli ya mashine (programu inayosoma amri), halafu chini umejaza mabano ya [[. Hayo ni ya bash, sheli moja tu kati ya nyingi. Ubuntu tangu toleo la 6.10, mwaka 2006, ikiitwa sh hujibu dash, sheli nyingine, na dash haiyajui mabano hayo. Mac yako ikiitwa sh hujibu bash kizee wa 3.2, ndiyo maana hukuona kitu. Sheli hizi ni kama zile za petroli: bango ni lile lile, kilichomo kwenye pampu ni habari nyingine. Na usije ukamcheka mwenzako, maana ile echo -n yako, ya kuandika bila kuongeza mstari mpya, kwake inafanya kazi sawasawa, ila kwenye sh ya Mac inaandika hiyo "-n" ndani ya faili. Tumia printf. Ile stat ya kusoma taarifa za faili nayo, Linux, ndiyo Ubuntu ya mwenzako, inataka -c, Mac inataka -f.

Sasa usianze kuziba matundu haya skripti moja moja. Yakusanye kwenye faili moja la wasaidizi, kila jaribio liliite mwanzoni kwa amri ya nukta (.). Tafuta msimbo wa rsync, programu ya kuoanisha mafaili, folda ya testsuite, usome rsync.fns, Martin Pool aliliandika mwaka 2001, na mimi nimejifunza humo kuliko kwenye kozi yoyote. Kuna hands_setup, inayoandaa folda ya kujaribia: faili tupu, folda tupu, faili lisilo na mstari mpya mwishoni, kiungo kinacholielekea faili hilo, na mafolda ndani ya mafolda. Kila kimoja ni mtego. Wewe umejaribu na mafaili matatu ya maandishi, yote manyoofu!

Kisha kuna checkit. Inaendesha amri uliyoipa, inashika msimbo wa kutokea (namba ambayo amri huiacha ikimaliza, 0 ikiwa imefaulu), inalinganisha orodha za mafolda mawili, halafu inalinganisha yaliyomo. Haikimbilii kukata tamaa kwenye kosa la kwanza. Inayakusanya yote ndipo inasema limeanguka, na kwa sababu zipi. Orodha yenyewe haitoki kwa ls, amri ya kuorodhesha mafaili, kwa kuwa ls ya huku si ya kule. Wamejiandikia kiprogramu kidogo kwa lugha ya C, wakakiita tls.

Nilidhani hiyo ni mbwembwe, mpaka yaliponikuta. Mimi nilikuwa nategemea diff -r, amri ya kulinganisha mafolda, peke yake. Programu yangu ikawa inageuza kila kiungo kuwa nakala kamili ya faili, na diff ikawa inaniambia hakuna tofauti. Kumbe ikifika kwenye kiungo inapitiliza hadi kwenye faili lenyewe, inasoma maneno yale yale, inaridhika. Mwezi mzima! Nilishtuka diski ya akiba ilipojaa.

Jambo jingine linalonikera kwako: jaribio la kubadili mwenye faili likikuta huliendeshi kama root, mtumiaji mkuu wa mashine, linatoka kwa 0. Hiyo ni kusema limepita, na wala halikufanyika. Kule kwenye rsync wana test_skipped, hutoka kwa 77: halikupita, halikuanguka, limerukwa, na hesabu ya mwisho inaonyesha hivyo.

Na lile lako linaloanguka siku moja, kesho yake linapita, si uchawi. Unaandika "chai", unaoanisha, unaandika "maji" juu yake, unaoanisha tena. Urefu ni ule ule, herufi nne. Kama programu yako inatazama ukubwa na saa ya kubadilishwa tu, kama rsync inavyofanya usipoiambia vingine, na yote yametokea ndani ya sekunde moja kwenye diski inayohesabu sekunde nzima, itakuwa na haki ya kuliacha faili. Uliweka sleep 1. Kwenye flash yenye mfumo wa mafaili wa FAT, saa zinakwenda kwa hatua za sekunde mbili, haitoshi. Lipe faili saa kwa mkono, kwa touch -t, uachane na kusubiri.

Nimekuanzia faili la wasaidizi, funksheni tano, nimelituma kwenye barua pepe. Liendeshe kwa dash kwanza, ndipo urudi kwenye Mac. Likikugomea nipigie, ila si kabla ya saa nne asubuhi, kesho nampeleka mama kliniki.

Wako yule yule,
jirani wa zamani.