Usilipe siku hiyohiyo

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia, ya yule bwana anayewaita watu Arusha wajiunge na biashara yake, nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikubali kila kitu, nisikufiche. Mara ya tatu nilishika kalamu nyekundu, mama yako akacheka kwamba mwalimu mstaafu sasa anasahihisha simu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenijibu kabla hujamaliza kusoma.

Jumamosi nenda Arusha, umri wa kuzuiwa umeshaupita. Ninaloomba ni moja: usilipe siku hiyohiyo. Ile laki tatu na nusu ya saluni mtumie mama yako aishike. Wewe nenda na nauli ya kurudi tu.

Sasa huyo bwana. Anaanza na habari za kulala stendi. Hajasema anauza nini, lakini tayari umemwonea huruma na kumpenda. Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: sifa anayojijengea, hisia anazoziamsha, na hoja yenyewe. Hiyo ya tatu nimeitafuta dakika zote kumi na nane nikapata sentensi moja, nayo haina hesabu.

"Umechoka kuomba nauli? Umechoka kuitwa mzigo? Umechoka kusubiri?" Hapo ni takriri, kule kurudia neno lilelile, na balagha vimefungwa pamoja. Darasani nilikuwa nasema swali la balagha halihitaji jibu. Ukumbini watu wanaliitikia, na aliyekwisha kuitika ndiyo mara tatu, ya nne, ile ya kutoa pesa, inamtoka yenyewe. Sikia pia maneno anayoyakwepa. Hasemi kiingilio, anasema kujiwekezea. Hasemi kuuza, anasema kushirikisha. Tafsida, yaani neno laini badala ya kali, kazi yake ni kusitiri aibu, basi jiulize hapa inasitiriwa aibu gani. Hata mlima wetu kautia humo: kilele kiko mita 5,895, na eti kila mwenye nia anafika. Mjomba wako, mgumu wa miaka yote, yaani mpagazi wa mlimani, aliposikia hilo aliguna tu. Yeye amewashusha kwa machela wenye nia zao.

Haya yote unayajua. Ulipopata A ya Kiswahili nilitangaza mpaka watu wakanikimbia. Ndiyo maana imeniudhi kuona umeandika chini ya ile sauti, "Baba, huyu anaongea ukweli." Anaongea vizuri, mama. Hilo ni jambo jingine.

Usidhani nina ugomvi na takriri. Mwaka 1967, Azimio lililopewa jina la mji huohuo unaokwenda lilisema tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, tumepuuzwa kiasi cha kutosha. Damu ilichemka, na ilikusudiwa ichemke. Lakini livue mapambo uone kinachobaki: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa sentensi kama hizo unaweza kumshika mtu. Ya huyu bwana ukiivua mapambo, utamshika wapi?

Kwa hiyo ukiwa kwenye basi la kurudi, andika aliyosema kwa maneno makavu, bila stendi, bila mlima. Nani anamlipa nani? Kwa bidhaa gani? Wa mwisho kuingia atakula kwa nani? Ikibaki biashara, lipa Jumatatu, sitasema neno. Atakwambia nafasi ni kumi na zinaisha leo. Ziishe. Usilipe siku hiyohiyo.

Vile vizimba nyuma ya jiko vilikuwa vya kware. Mama yako aliniuliza mayai yale tutamuuzia nani, nikamjibu mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nilifundisha methali miaka mingi, siku hiyo nikaigeuza rungu. Mtu akijibu hesabu kwa methali, ujue hesabu hana. Sasa kuku wanatagia humo, si hasara tupu. Ada yako ya muhula ule ilichelewa, nawe hukuuliza kwa nini.

Ng'ombe anakaribia kuzaa, usiku silali vizuri. Bati la jikoni linavuja palepale, fundi ameahidi wiki hii kama alivyoahidi wiki iliyopita. Ukipita soko la Kilombero niulizie bei ya gunia la maharage, huku Kibosho wanataja bei za kuogofya. Jumapili upande huku, kuna mkungu wa mshale nimekuwekea.

Na uirudishe chaja ya mama yako uliyoondoka nayo. Ameniambia Jumamosi simu yake itakuwa imezima chaji kutwa nzima, kwa hiyo hata ukipiga kuomba ile laki tatu na nusu, hutampata.

Baba yako