Walimu wa P.1 mpaka P.3, watoeni watoto nje wakalione anga

Wanangu walimu wa nasari na wa P.1 mpaka P.3, yaani darasa la kwanza mpaka la tatu la msingi, na nyinyi wazazi mnaowaletea hao watoto, salamu nyingi kutoka kwa mzee wenu huku Bombo, Uganda. Nimefundisha mpaka nikastaafu na bado wajukuu wananivuta shuleni, ndo maana naandika.

Jambo langu ni moja tu. Mtoto mdogo msimfundishe anga kwa kukaririsha. Nimekaa kwenye darasa moja, tutoto tunaimba sayari zote nane, Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi mpaka Neptuni, tunaimba vizuri kabisa, afu nikakauliza kamoja, jua linachomoza upande gani wa shule yenu? Kimya. Mshtarii kanaijua, ila hakajui kwamba jua linatokea kila asubuhi nyuma ya jiko la posho. Inaniuma jamani.

Na wazazi, ile siku ya kutembelea shule msilete sayari za maboksi mlizopaka rangi nyinyi wenyewe usiku. Hiyo kazi ni ya mtoto, hata ikipinda ipinde.

Hebu fanyeni hivi. Chukueni mpira wa kawaida, ule wa upana wa sentimita 22, semeni hii ndo dunia. Afu tafuteni pasheni ya sentimita 6 hivi, huo ndo mwezi. Sasa mpeni mtoto ile pasheni aende aiweke mahali anapodhani mwezi upo. Wote wataiweka karibu, wengine wataigusisha na mpira kabisa maana vitabuni ndivyo inavyochorwa. Waacheni wabishane kwanza, msiwakatize, halafu ndo mpime mita 6 na nusu pamoja nao kwa kamba, huko ndo mwezi ulipo kwa kipimo hicho. Mtaona macho yao. Na wakiuliza jua je, waambieni kwa kipimo hichohicho jua lina upana wa mita 24, darasa lenu haliwezi kulibeba, na liko zaidi ya kilomita 2 na nusu kutoka hapo, wataje wenyewe ni wapi, sokoni au kwenye steji ya boda.

Mwezi mchanga nao wauchore kama wanavyouona. Vitabu vingi vinauonyesha umesimama wima kwa sababu vimechorwa na watu wa mbali na ikweta, huku kwetu unalala kama mtumbwi, na watoto wa Bombo wanaoutafuta pamoja na baba zao Ramadhani ikikaribia wanalijua hilo vizuri. Kwa hiyo mwalimu usimkosoe mtoto aliyechora umelala, yeye ndo kachora sawa!

Kivuli nacho ni hazina na hakidai hata shilingi. Simika fimbo uwanjani, kila nusu saa mtoto aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli. Msishangae kivuli kifupi zaidi kisije saa sita kamili, kinakuja kati ya saa sita na nusu na saa saba na kidogo, maana saa zetu zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki unaopita Somalia, na sisi tuko magharibi yake, karibu nyuzi 32.

Lakini kulitazama jua lenyewe hapana, hata kwa miwani ya jua. Nalisema kwa ukali kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, kule Misri litafunikwa lote na kwetu litamegwa sehemu tu, na hapo ndo watoto hushawishika. Wengi mnakumbuka 3 Novemba 2013 jua lilipopatwa, watu walivyofurika Pakwach kule kaskazini kulitazama. Tayarisheni boksi lenye tundu dogo la sindano, mtoto aligeuzie jua mgongo, aone umbo lake kwenye karatasi nyeupe ndani.

Msiniambie pia kwamba mambo ya anga ni ya Wazungu. Vijana wetu watatu walienda Japani, Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, wakashiriki kutengeneza setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ikarushwa Novemba 2022. Hao nao walikuwa P.1 hapahapa Uganda.

Walimu wa Arua kule kaskazini na wa Masaka kule kusini, nyinyi nawaomba kitu cha ziada. Tarehe 21 Juni simikeni fimbo ya mita moja kila upande, mpime kivuli kile kifupi kabisa cha mchana, watoto wakate uzi wa urefu huo. Kama fimbo imesimama wima, Arua mtapata kama sentimita 37 na Masaka kama 44. Tumianeni zile nyuzi kwa basi, watoto wazilaze pamoja mezani, na kabla hamjawaeleza chochote kuhusu umbo la dunia waulizeni kwa nini hazilingani.