Dakika ya Mashujaa Iwe Dakika Kamili: Barua ya Wazi kwa Washereheshaji

Wanangu washereheshaji,

Salamu kwenu nyote mnaoshika vipaza sauti katika viwanja vya wilaya, kumbi za mikutano na mahafali ya shule. Nawaandikia kabla ya Julai 25, Siku ya Mashujaa, ili atakayekubaliana nami apate nafasi ya kujiandaa.

Mmezoea kutangaza: "Naomba wote tusimame kwa dakika moja tuwakumbuke mashujaa wetu." Viti vinagongana, kofia zinavuliwa, mama anamnyamazisha mtoto. Hata walioko nyuma hawajanyooka vizuri, tayari tunasikia: "Ahsanteni, tukae." Sekunde kumi, labda kumi na tano. Nimeliona hili mara nyingi na linaniuma, kwa sababu mimi ni mtu wa Kagera.

Wengi wenu mlizaliwa baada ya vita ile ya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Maneno hayo mnayajua, mnayatumia hata kuchangamsha harambee. Yaliyofuata hamyataji sana: wanajeshi na mgambo, wengi wao wakulima waliotolewa shambani, walisonga mbele, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, hadi Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Waliorudi tuliwapokea kwa vigelegele. Mamia ya wasiorudi wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Wenzao waliofia Msumbiji wako Naliendele, Mtwara. Na msidhani mambo haya ni ya zamani tu. Walinda amani wetu waliuawa Darfur, Sudan, Julai 2013, na wengine Semuliki, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, Desemba 2017. Wazazi wao bado wapo, na baadhi yao huja kwenye hafla mnazoziongoza.

Itazameni sherehe yenyewe ya kitaifa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Viongozi wa dini huomba dua. Mwananchi wa kawaida, aliyesimama juani tangu asubuhi, anashiriki wapi? Kwenye ukimya. Hiyo ndiyo sehemu yake pekee, anayoifanya yeye mwenyewe, sawa na Rais. Ukiikata, umemnyang'anya mjane wa Kyaka kitu kimoja ambacho serikali haikuwa na haja ya kumwandalia.

Kuna wanaoniambia, "Mzee, huo ukimya ni desturi ya wazungu, sisi tuna dua zetu." Ni kweli ulitoka kwingine. Mwaka 1918 mji wa Cape Town ulikuwa ukisimama kimya kila siku adhuhuri, mzinga ukishalia, kwa ajili ya waliokuwa wakifa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka uliofuata, Novemba 11, Mfalme George wa Tano aliagiza dakika mbili za ukimya katika himaya yake yote. Lakini vita hiyohiyo ilitumaliza na sisi. Wapagazi, yaani wabeba mizigo ya jeshi, waliokufa Afrika Mashariki upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, ina maandishi yanayosema kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Majina ya wapagazi hayapo pale. Yaliyobaki kwa umma ni Kariakoo, mahali ilipokuwa kambi yao, na wangapi kati ya wanaonunua nyanya pale wanajua? Basi ukimya huu tuna haki nao. Anayetaka kusoma Fatiha asome moyoni, anayetaka Baba Yetu vivyo hivyo; dakika kamili inatosha kwa vyote viwili. Sekunde kumi hazitoshi chochote.

Sasa niwaambie namna ya kufanya. Msitangaze ukimya ghafla katikati ya burudani. Zimeni muziki kwanza, mwache watu watulie, ndipo mseme tunamkumbuka nani. Neno "mashujaa" peke yake halimshiki mtoto wa darasa la nne. Mwambie: "Tunawakumbuka askari waliozikwa Kaboya." Kama kuna jina la mtu wa kata yenu aliyekufa vitani, na familia yake imeridhia, litamke taratibu, lisikike. Waombe watu washushe simu kabla ya kuanza, kwa sababu katikati ya ukimya huwezi kumkaripia mtu. Kisha tazama saa. Usihesabu kichwani, maana mwenye kipaza sauti huona kila sekunde ndefu. Sekunde kumi na tano za mwanzo huisha kwa viti na vikohozi. Ndipo watu huanza kukumbuka. Kwenda msibani na kuondoka kabla ya kuketi si kuhani, na ndivyo mnavyofanya mkiwakatiza hapo.

Najua kuna mgeni rasmi mwenye haraka na ratiba iliyochelewa saa mbili. Punguzeni itifaki, punguzeni orodha ya waheshimiwa wa kutambulishwa, hata shairi likilazimika kukatwa ubeti likatwe. Atakayekunong'oneza ufupishe ukimya, mwonyeshe saa yako na uendelee kusimama. Na walimu wanaoleta watoto uwanjani, zungumzeni nao mapema: waambieni wanafunzi siku moja kabla kwa nini watasimama, ili wakifika wajue la kuwaza.

Wenu mzee,
Kagera