Mkutubi asiyeona si wa chumba cha nukta nundu tu

Mhariri,

Nina neno na wakuu wa maktaba. Mimi ni mkutubi nisiyeona. Nilisomea uainishaji wa vitabu, na hadi leo ndiyo kazi niipendayo: kujua kitabu kipya kinazungumzia nini hasa, kisha kukipa namba itakayomfikisha msomaji. Lakini kila nikiajiriwa hupelekwa moja kwa moja chumba cha nukta nundu. Cheti changu huwekwa kwenye faili, basi.

Chumba hicho nakiheshimu. Tangu Mkataba wa Marrakesh wa 2013, maktaba za nchi zilizojiunga zinaweza kutengeneza nakala za wasioona bila kumwomba mwenye hakimiliki kibali, na nakala hizo zinahitaji kukaguliwa na mtu anayesoma kwa vidole. Ninachokataa ni kudhaniwa kwamba macho yangu ndiyo taaluma yangu.

Mkutubi Dorothy Porter alilikuta jambo hili kwenye rafu. Mwaka 1930 alianza kupanga mkusanyiko wa vitabu vya watu weusi katika Chuo Kikuu cha Howard, Marekani. Akaona kwamba maktaba nyingi za Wazungu zilizofuata namba za Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu kwa mada, zilirundika vitabu vya waandishi weusi kwenye 325, namba ya mambo ya makoloni, hata kitabu kikiwa cha mashairi! Yeye akakataa. Mashairi akayapeleka kwenye mashairi, historia kwenye historia. Mkutubi huyo namtaja kila nipatapo nafasi, maana alitazama kitabu kinasema nini, si rangi ya aliyekiandika.

Nasi tupangwe hivyo. Kiziwi aliyebobea katika ununuzi wa vitabu apewe ununuzi. Anayetumia kiti cha magurudumu asiishie kaunta ya chini kwa sababu ofisi ya mkuu iko ghorofani.

Kwangu mimi kizuizi ni programu ya katalogi. Vitufe vyake havikupewa majina, kwa hiyo programu inayonisomea skrini hutamka tu “kitufe, kitufe, kitufe”. Nikilalamika naambiwa kuainisha hakunifai. Kumbe kasoro iko kwenye programu, na mtengenezaji anaweza kuirekebisha. Wakuu, mkitangaza tenda ya programu mpya, andikeni sharti kwamba ijaribiwe kwanza na mkutubi asiyeona, kabla hamjalipa.

Mkutubi, msomaji wenu