Azimio la Arusha lilikuja kati ya mifungo miwili

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Februari magazeti yetu hulijadili Azimio la Arusha, tamko la chama tawala cha wakati ule, TANU, kuhusu ujamaa na kujitegemea, kama suala la uchumi: mabenki yaliyotaifishwa, mashamba ya mkonge, faida na hasara. Naomba nafasi nilisome kwa jicho la imani, kwa sababu naamini kiini chake kimo katika yale masharti machache ya uongozi ambayo siku hizi wengi huyapita haraka.

Azimio lilitangazwa Jumapili, tarehe 5 Februari 1967. Waislamu walikuwa wamemaliza Ramadhani wiki chache tu nyuma, na Jumatano iliyofuata Wakristo walipakwa majivu. Sidai kwamba TANU ilipanga hivyo, lakini masharti yenyewe yanasomeka kama saumu: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa wizi. Mfungaji naye haachi cha haramu peke yake, bali huacha chakula chake halali alichokitolea jasho, na nabii Isaya, katika sura ya 58, anasema saumu ampendezayo Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate wako na kuivunja nira ya aliyeonewa.

Azimio liliongeza kwamba kiongozi maana yake ni mtu na mkewe, au mke na mumewe. Nililielewa neno hilo nyumbani kwetu. Marehemu baba alikuwa diwani, na nyuma ya nyumba yetu palikuwa na vyumba viwili vya wapangaji, ambavyo kodi yake mama aliipokea mwenyewe na kuiandika katika daftari lenye jalada la bluu. Baba hakumwamuru. Walizungumza usiku mzima, nasi watoto tukisikia sauti zao ukutani, na asubuhi mama akamwambia fundi cherehani aliyekuwa akikaa pale kwamba asilete tena kodi.

Kwa hiyo nakiri kwa uchungu kwamba Operesheni Vijiji ilipowahamisha watu kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, ilikwenda kinyume na roho hii, kwani anayenyimwa chakula kwa nguvu hajafunga, ameshinda njaa tu. Na masharti yalipolegezwa katika kikao cha chama kule Zanzibar mwaka 1991, wengi walifuturu kwa pupa kwa kuwa moyoni hawakuwahi kutia nia. Nawasihi viongozi wetu wa dini wayarudie masharti hayo mimbarani, na wamuulize kila mwenye cheo ni halali gani yake aliyo tayari kuiacha.

Daftari la mama ninalo. Mstari wake wa mwisho ni kodi ya Januari 1967, na kurasa zilizobaki ni nyeupe.

Wenu katika kuijenga nchi,
Msomaji, Morogoro